Beba asichokuwa nacho fundi wa njiani

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Igoma hapa Mwanza. Nina baiskeli ya mtumba wa Japani, ya gia sita. Mwezi uliopita nilidamka kwenda Magu na kurudi siku hiyohiyo. Kabla sijafika Nyanguge nilipata pancha mbili, ya pili haikuchukua hata nusu saa baada ya ya kwanza. Nikaelekezwa njia ya mkato, nikaishia kwenye tope. Nikiwa najikokota kutoka humo mnyororo ukakatika. Mwisho tairi la nyuma likapasuka ubavuni, na lile la akiba nililonunua mjini likakataa kuingia kwenye rimu ingawa yote mawili yameandikwa 26. Nilifika nyumbani saa tatu usiku, juu ya Fuso lililopakia mkaa. Sasa nataka kuzunguka Ghuba ya Mwanza kwa siku moja: Mwanza, kivuko hadi Kamanga, Sengerema, Busisi, darajani, Usagara, nyumbani. Nianzie upande gani, na nibebe nini? Walimu wenzangu wananicheka.

Jibu: Marahaba mwalimu, na pole na vumbi la mkaa. Waache wacheke. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na naona umehesabu mikosi minne au mitano, lakini mimi naona mitatu tu: pancha, tope na tairi. Iliyobaki ni watoto wake.

Nianze na tairi, maana ndilo lililokupandisha Fuso. Katika biashara ya baiskeli kuna 26 mbili ambazo si ndugu hata wa kambo. Kuna 26 ya baiskeli za milimani, zile za tairi nene lenye meno: rimu yake, pale tairi linapokalia, ina kipenyo cha milimita 559. Halafu kuna 26 ya zile baiskeli za Japani zenye kikapu mbele, ambayo kwa kawaida ni 26 x 1 3/8, na rimu yake ni milimita 590. Tofauti ni milimita 31. Ukingo wa tairi una waya ndani, na waya huo hauvutiki, kwa hiyo hata ukiita mafundi watatu wenye mikono ya kubebea magunia ya pamba, tairi la 559 halitavuka ukingo wa rimu ya 590. Muuzaji hakukudanganya kwa makusudi. Yeye naye anasoma 26 tu.

Chukua tochi ya simu sasa hivi, chuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, futa vumbi ubavuni mwa tairi. Mbali na ile 26 utakuta namba ndogo zenye kistari katikati, kitu kama 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ndiyo kipenyo, na hiyo ya pili ndiyo jina halisi la tairi lako. Iandike kwa wino mzito chini ya kiti, na dukani itaje hiyo. Phoenix nyeusi za wazee wetu ni 28 x 1 1/2, yaani 635, na hilo ndilo tairi utakalolikuta likining'inia kwenye kigenge chochote Usukumani. La kwako hutalikuta. Tyubu haina ukali huo: mpira unavutika, na tyubu ya 559 itakaa ndani ya tairi la 590 ukiwa na dharura, alimradi upana usipishane sana.

Sasa pancha. Ile ya pili naamini ilikuwa ileile ya kwanza. Barabara ya Nyanguge ina mbigili pembeni, na bila shaka uliteremka kwenye vumbi kupisha basi. Unaujua ule mmea unaotambaa, wenye maua madogo ya manjano? Tunda lake likikauka linamegeka vipande, na kila kipande kina miiba miwili iliyokaa kama pembe za mbuzi. Kikianguka vyovyote vile, mmoja unatazama juu. Ukikanyaga, tyubu inaisha upepo, unaitoa, unaiziba vizuri kabisa, unairudisha, na mwiba bado umekaa ndani ya tairi unakusubiri. Baada ya kilomita tano uko chini tena, unamlaumu aliyekuuzia viraka.

Kwa hiyo, kabla hujaitoa tyubu, weka alama kwenye tairi pale vali ilipo. Ukishalipata tundu kwenye tyubu, ipime na tairi kutoka kwenye vali, utajua mahali pa kumtafuta adui. Usipitishe kidole ndani ya tairi, utakitoboa. Pitisha kipande cha pamba au kitambaa laini mzunguko mzima: pamba itanasa kwenye ncha hata ambayo jicho halioni. Na kama umekuta matundu mawili yanayotazamana kama alama ya meno ya nyoka, usitafute mwiba. Hapo uligonga jiwe ukiwa na upepo mdogo, rimu ikaibana tyubu. Dawa yake ni pampu.

Jingine kuhusu pancha ya nyuma, ambalo vijana wa baiskeli za kisasa hawalijui: usilitoe gurudumu. Baiskeli yako ina madigadi, stendi, mkono wa breki na nati mbili za ekseli zilizoshika kutu. Ukizifungua njiani utatumia saa nzima kuzirudisha. Laza baiskeli, fungua tairi upande mmoja tu, vuta tyubu nje pale penye tundu, ziba, rudisha. Tazama fundi yeyote wa kijijini anavyofanya. Sulusheni ipake nyembamba, iache mpaka isinase kidole ukiigusa, dakika tano hivi, ndipo ubandike. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, halafu wanashangaa kiraka kinatembea.

Tena baiskeli za Japani nyingi zina vali ya kipira, ile ambayo ndani kuna kijiti cha chuma kilichovalishwa mpira mwembamba kama mrija. Kipira hicho kikizeeka, upepo unatoka polepole na hutaona tundu popote. Tia mate kwenye mdomo wa vali. Yakitoa povu, ni kipira. Kata sentimita mbili za kipya, vesha, kaza. Kipande cha urefu wa kidole kinatosha mwaka mzima na hakina uzito wowote.

Mnyororo nao haukukatika bure. Kuna uwezekano mkubwa uliwahi kukatwa kwenye fundi, labda kwa kupunguzwa, ukaungwa kwa kurudisha pini ileile kwa nyundo na msumari. Mnyororo wa Phoenix ni mpana na unavumilia kazi hiyo. Wa gia ni mwembamba. Pini yake ikishatolewa tundu linalegea, na haikai tena kama ilivyotoka kiwandani. Ukichanganya na tope, na kubadilisha gia huku unakanyaga kwa nguvu zote, inachomoka. Nunua kiungo cha kuunganisha mnyororo mwembamba, vile vya vipande viwili vinavyobanana kwa mkono. Nunua viwili. Kama utapata vya klipu, upande uliofumba utangulie kuelekea mnyororo unakokwenda na mdomo wazi ubaki nyuma, la sivyo klipu itaruka siku utakayoihitaji.

Na kama mkono wa gia wa nyuma wenyewe umepinda au umeingia kwenye spoku? Usiupige nyundo. Utoe kwenye mchezo: kata mnyororo, uzungushe moja kwa moja kutoka meno ya mbele hadi gia ya katikati nyuma, uunge. Utakuwa na baiskeli ya gia moja. Utashuka kwenye vilima na kusukuma, lakini utafika.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la nini ubebe, na jibu langu ni moja: beba asichokuwa nacho fundi wa njiani. Alicho nacho mwachie yeye. Zamani nilikuwa nabeba spana za kila namba, nyundo ndogo, golori kwenye chupa ya dawa, mpaka mfuko ukawa unalia kama duka la vyuma. Siku nilipokwama kweli, karibu na Katunguru, kilichokatika kilikuwa boliti ya keria, na katika chuma chote kile sikuwa na boliti hata moja. Nilifunga keria kwa ukanda wa tyubu kuukuu niliopewa na mtoto aliyekuwa anachunga, nikasukuma hadi kwa fundi.

Huyo fundi alikaa chini ya mwembe, mbele yake beseni la maji na pistoni kuukuu ya gari. Kuna mteja alikuwa ametangulia na tyubu ya pikipiki. Fundi aliibana tyubu na kiraka kibichi chini ya pistoni kwa kishikizo cha skrubu, akamimina petroli kidogo kwenye shimo la pistoni, akawasha. Moto ulipozima wenyewe alingoja kipoe, akafungua, na kiraka kilikuwa kimeungana na tyubu usijue kimeanzia wapi. Sina kifaa mfukoni kinachoshinda hicho. Ukiwa na tundu kubwa ambalo sulusheni ya baridi imeshindwa, tafuta moshi wa namna hiyo.

Fundi kama huyo ana sulusheni, viraka, pampu, golori, kota za Phoenix (pini za kukazia mikono ya pedeli), spoku za 28, spana za 14 na 15, na nyundo ya kutosha kuharibu chochote. Hana tairi la 590. Hana kiungo cha mnyororo mwembamba, wala waya wa gia, wala raba za breki za aina yako. Kwa hiyo mfuko wako uwe na tyubu moja nzima, viungo viwili vya mnyororo na kikatio chake kidogo, waya mmoja wa gia uliokunjwa, kipira cha vali, vijiko viwili vya kufungulia tairi, boliti tatu nne za ukubwa wa keria na madigadi, na kanda za tyubu kuukuu, ambazo nazihesabu kuwa spana ya ulimwengu. Pampu beba, hata kama kila fundi anayo, kwa sababu pancha haingoji ufike kwa fundi. Tairi la akiba usibebe kwa safari ya siku moja. Beba kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, ukubwa wa kiganja: tairi likipasuka kama lile lako, kiweke ndani kati ya tairi na tyubu, jaza upepo nusu, endesha taratibu. Nimeona mtu akitumia noti ya elfu mbili iliyokunjwa, na ilimfikisha.

Spoku ikikatika, kwa kawaida itakuwa ya nyuma, upande wa gia, kwa kuwa huko ndiko mzigo na nguvu ya miguu vinakokutana. Huwezi kuibadilisha njiani bila kuitoa friwili, yaani lile rundo la meno ya gia za nyuma. Isokote kwenye jirani yake isipige kelele, legeza breki ya nyuma rimu isiguse, na uhamishe mzigo mgongoni.

Sasa njia. Kutoka Kamanga hadi Sengerema ni kama kilomita 35, na kutoka Sengerema kurudi Mwanza kupitia Busisi na Usagara ni kama 60. Ongeza kutoka Igoma hadi kivukoni, utakuwa na siku ya kilomita mia na ushei. Upepo wa mchana hapa kwetu unatoka ziwani, kaskazini, kwa hiyo ukirudi kwa Usagara utaupokea usoni ukiwa umechoka. Kwa hesabu ya upepo peke yake ningekwambia uzunguke kinyume, uende kwa daraja asubuhi hewa ikiwa imetulia, umalizie Kamanga.

Sikushauri hivyo. Kivuko kina safari ya mwisho, daraja halina. Niliwahi kuzunguka kwa huo ujanja wa upepo. Pancha moja tu na chai ndefu Sengerema zilinitosha kufika Kamanga nikaziona taa za chombo zikiwa katikati ya maji, na ng'ambo Mwanza inawaka kama harusi. Nililala kwenye benchi la mama ntilie, mbu wakafaidi. Kwa hiyo kivuko kiwe cha kwanza, ulizia saa zake siku moja kabla, na daraja liwe la mwisho. Upepo wa usoni utakupunguzia mwendo. Kuachwa na kivuko kunakupunguzia usiku mzima.

Vijana mliozoea daraja tangu lilipofunguliwa Juni 2025 hamwezi kujua lilivyobadilisha hesabu hii. Kabla yake, Kigongo na Busisi nako kulikuwa na kivuko, kwa hiyo mzunguko huu ulikuwa na milango miwili ya kufungiwa nje. Leo umebaki mmoja. Ni kilomita 3 juu ya maji, na upepo unapiga ubavuni. Ukiona usukani unacheza, shuka, tembea pembeni kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kutembea darajani hakuna aibu, na mandhari ndiyo uliyoifuata.

Saa zako zipange kwa jua. Mwanza tuko magharibi ya Dar es Salaam, na jua letu linachelewa kama dakika 25 kuliko la kwao. Linazama kama saa 12 na nusu jioni mwezi Novemba, na Februari linafika hadi kama saa 1 kamili. Baiskeli kama yako, pamoja na vilima, itakupa wastani wa kilomita 15 kwa saa, hivyo saa saba za kukanyaga. Kivuko, chakula, pancha moja na maneno ya watu vinakula saa tatu au nne. Ukiondoka Igoma kabla jua halijachomoza unaiona hesabu ilivyobana. Jiwekee saa 7 mchana: kama hujafika Sengerema kwa saa hiyo, mtafute kondakta wa basi, mpatane nauli ya baiskeli, urudi ukiwa umekaa. Usiku kipande cha Usagara hadi Buhongwa kina malori, na taa ya dainamo ya Japani inazimika ukisimama.

Ile njia yako ya mkato. Sidhani kama ulidanganywa. Uliuliza, "Hii ndiyo njia ya Magu?" na mwenzako akajibu, "Ndiyo." Kwetu ni vigumu kumwambia mgeni aliyechoka kwamba amepotea, na ukiuliza swali linaloomba ndiyo utapewa ndiyo. Salimia kwanza, "mwangaluka" hata kama Kisukuma chako ni cha kuokota, halafu uliza, "Njia hii inakwenda wapi?" Ukitajiwa mahali usipopajua, umepata habari ya kweli. Usiulize kilomita, utaambiwa "hapo tu". Uliza, "Wewe kwa baiskeli unatumia muda gani?" kisha uongeze nusu, kwa sababu yeye haibebi hofu yako. La mwisho uliza, "Mvua ilinyesha lini huko?"

Hilo la mwisho ndilo lililokuponza. Wakulima wa Kisukuma wana jina kwa kila udongo, na mawili yanamtosha mwendesha baiskeli. Luseni ni mchanga mwepesi wa juu kwenye miteremko ya vilima. Punguza upepo wa tairi kidogo, kaa nyuma kwenye kiti, usikate mwendo. Mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa kiangazi. Ukiwa mkavu ni njia nzuri kuliko lami. Ukilowa hauingiliki: unajikunja kwenye tairi, unajaa ndani ya madigadi, gurudumu linakataa kuzunguka, na ukilazimisha, mnyororo ndio unaolipa. Ukiona ardhi imegeuka nyeusi mbele na jana ilinyesha, geuza hapohapo, hata kama barabara unaiona ng'ambo. Kama umeshaingia, usisukume. Beba begani, ukwangue kwa kijiti ukifika pakavu.

Chakula hakikusumbui sana njia hiyo. Mimi hutia michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga mfukoni, maana biskuti huwa unga ifikapo saa nne. Maji, kunywa kabla ya kiu, na ujaze kila unapopata ya bomba au ya chupa. Ziwani usiingie kuosha miguu wala baiskeli, hata pale Kamanga ambapo maji yanaonekana matulivu: kichocho kinapita kwenye ngozi, hakihitaji uyanywe.

Jumamosi moja kabla ya safari, mwalimu, laza baiskeli uani. Toa upepo wa nyuma, fungua tairi upande mmoja, vuta tyubu, irudishe, jaza. Mara ya pili kata mnyororo na uunge kwa kiungo kipya. Mara ya tatu ngoja jua lizame, ufanye yote mawili kwa tochi ya simu mdomoni. Na zijaribu nati za ekseli kwa spana yako. Kama zimeshika kutu, zipake mafuta uzilaze usiku kucha. Kama zitakataa, zikatae hapo uani Igoma, fundi wa mtaani akiwa bado hajafunga.